Birika la Bwana Hasanali na Kisima cha Bi Mishi

Nyinyi vijana mnaochimba mabwawa ya mahoteli huko Nyali, sikuja kuwafundisha kazi. Mna mashine za kutoboa mwamba, mna simiti ya kumwaga mpaka mnachoka, mna mpira wa kuzibia viungo unaoletwa umekunjwa kama mkeka. Mimi nimestaafu. Kazi yangu siku hizi ni kukaa barazani na kutoa kasoro kuta za wenzangu. Lakini kila nikipita nikamwona mtu anapigilia vigingi vya bwawa kwenye mteremko wa matumbawe, miguu hunikataa. Husimama nikatazama anavielekeza wapi. Mke wangu asema iko siku nitafukuzwa na askari wa mlangoni, na sina hakika kwamba hajawaambia wao wafanye hivyo.

Basi acheni niwaeleze kwa nini husimama.

Kazi nilijifunza kwa Fundi Shee, mwashi wa Mji wa Kale, mtu mfupi, mkaidi, shavu moja limejaa tambuu tangu asubuhi. Wakati wa vita vile vya pili vya dunia tulikuwa naye Kilindini tukimwaga zege kwa ajili ya wanajeshi, na huko ndiko tulikojua nondo na simiti. Kabla ya hapo maisha yake yalikuwa chokaa, mawe, na mabirika ya misikiti, yale mahodhi ambayo watu hutawadhia kabla ya kuingia kusali. Sidhani kisiwani palikuwa na mtu aliyejenga mabirika mengi kumshinda. Alikuwa akionja chokaa kwa ncha ya ulimi kujua kama imelowa vya kutosha. Nami nikamwiga siku moja, chokaa ikiwa bado changa inachemka, ulimi ukababuka, nikawa mtu wa uji kwa muda mrefu. Wenzangu wakawa wananiamkia makusudi, mmoja baada ya mwingine, ili tu wanisikie nikijibu.

Vita vilipokwisha, kazi za jeshi zilipungua na matajiri wakaanza tena kujenga. Bwana Hasanali, mfanyabiashara wa vitambaa, Mhindi mzaliwa wa hapa hapa Mombasa, alikuwa amenunua nyumba pale Mji wa Kale unapokwisha na Kizingo inapoanza, juu ya mteremko unaoshukia baharini upande wa mashariki. Alitaka bwawa la kuogelea kwa ajili ya wajukuu zake. Wakati ule maji ya mfereji yalikuwa ya kugawiwa kwa kipimo, kwa hiyo akaamua bwawa lake litajazwa maji ya bahari, yapandishwe kwa pampu. Wazo zuri. Bahari haina mtu wa kuifunga koki.

Injinia wake alikuwa Bwana Iqbal, Mpunjabi aliyekuja na jeshi kisha akabaki. Msimchore vibaya kichwani. Alikuwa mtu mpole na kazi aliijua, na michoro yake ilikuwa safi hata mimi nisiyesoma sana niliielewa. Alikuwa ametembea uwanja ule na mtaimbo mkononi akiupima, akaona kwamba upande wa juu mwamba uko karibu, na upande wa chini ni kifusi tu. Watu wa zamani waliposawazisha kiwanja cha nyumba walimwaga huko udongo mwekundu, chaza, vigae vya mitungi, kila kitu. Kwa hiyo akalichora bwawa lilale kwa urefu kukatisha mteremko, kusini kwenda kaskazini, lote mgongoni mwa mwamba. Hilo mlishike. Chombo cha maji ni kizito kuliko nyumba, na kikiegemea mguu mmoja juu ya jiwe na mwingine juu ya taka, kitapasuka palepale miguu inapokutana.

Tukapiga vigingi alivyotaka, tukafunga uzi. Kisha Injinia akaitwa Nairobi kwa shughuli zake, akaondoka na mkoba wake, na mchoro ukiwa ndani ya mkoba.

Mtunza bustani wa Bwana Hasanali alikuwa mtu wa usafi. Akaona vijiti vimesimama nyasini bila faida, akaving'oa vyote, akachemshia chai. Tulipofika asubuhi tulikuta uwanja mweupe na yeye anatukaribisha kikombe.

Fundi Shee hakushughulika. Vipimo alikuwa navyo kichwani, urefu na upana, na havikuwa na kosa hata la unene wa kidole. Akapiga vigingi upya, akafunga uzi, tukaanza kuchimba. Na mimi nawaambia, tulikuwa waashi wanane pale, hakuna aliyeona kitu. Sote tulikuwa tumelelewa kwenye mabirika. Na birika la Fundi Shee siku zote huwa na ubavu wake mrefu umetazama kibla, ili watu wakae kwa safu, watawadhe wakiwa wameelekea huko. Hapa kwetu kibla ni kaskazini. Mikono yake ilikwenda ilikozoea kwenda, na yetu ikaifuata. Bwawa likageuka, likawa limelala kwa urefu kushuka mteremko, kichwa mwambani na miguu kwenye kifusi.

Injinia aliporudi shimo lilikuwa limekwisha, tena limenyooka vizuri. Akasimama ukingoni. Akatoa mchoro, akautazama, akaugeuza, akautazama tena. Nikadhani labda amesahau miwani.

"Fundi," akasema, "nani amegeuza?"

"Hakuna aliyegeuza, Bwana," Fundi Shee akamjibu. "Nimeliweka sawa."

"Sawa na nini?"

Fundi Shee akaelekeza mkono kaskazini, kwa upole, kama anayemwonyesha mgeni njia. Injinia Iqbal, ambaye asubuhi hiyo mwenyewe alikuwa amesali akielekea huko huko, akafumba macho.

"Hapa watu wataogelea, Fundi. Hawatatawadha."

"Na sala ikiwakuta majini?"

Hatukucheka hapo. Tulicheka baadaye, tena miaka mingi. Wakati ule Injinia alikuwa amekasirika kweli, na Fundi Shee alipoielewa sababu, alipoona kichwa kimekaa wapi na miguu imekaa wapi, alitema tambuu yake yote na hakuweka nyingine mpaka jioni. Injinia akataka shimo lifukiwe tuanze upya. Lakini Bwana Hasanali alikuwa amekwisha kusikia habari, na ilimfurahisha mno. Mjini kote, akasema, hakuna tajiri mwenye bwawa lililotazama kibla. Hakukubali lisogezwe hata shubiri. Ikabidi Injinia akae chini achore upya, safari hii kwa ajili ya shimo lililokwisha kuchimbwa. Nimeona mainjinia wengi wakishindwa jambo hilo, kwa sababu ya kiburi. Yeye alinuna siku ile tu, kesho yake akaja na kalamu.

Upande wa kifusi, akasema, tuchimbe mashimo marefu mpaka tukute jiwe, tusimamishe nguzo za zege, na sakafu ikae juu ya nguzo. Upande wa mwamba hauna neno. Ila kabla ya kumwaga chochote tuugonge wote kwa mtaimbo, kila hatua, tusikilize.

Hii ni elimu ambayo mashine zenu hazina. Tumbawe zima ukilipiga, mtaimbo unakurudishia mkononi na sauti inakuwa kavu. Tumbawe lenye uwazi chini linameza pigo, na sauti inakuja baadaye kidogo, nzito. Katikati ya ule upande wetu wa mwamba, ule usio na neno, nikapiga na mtaimbo ukanyamaza. Nikapiga tena. Fundi Shee akaja akapiga mwenyewe, akamtazama Injinia.

Tukiwa bado tunapiga na kusikiliza, ikaja sauti ya mwanamke.

"Hodi."

Alikuwa Bi Mishi, mjane aliyekaa chini ya mteremko. Uani kwake palikuwa na kisima ambacho marehemu babake alikichimba na kukiacha sadaka kwa mtaa. Maji yake yalikuwa matamu, jambo adimu kisiwani, hasa karibu na bahari namna ile. Mlango wa ua haukufungwa tangu alfajiri hadi magharibi, na nyumba zote za pale chini, pamoja na ya Fundi Shee, zilikuwa zikiteka hapo. Yeye mwenyewe alikuwa mrefu, mwenye sauti, na mtu asiyeharakishwa.

"Karibu, Bi Mishi. Sabalkheri."

"Sabalkheri. Fundi Shee, nyinyi mwagonga nini huku? Kila mkigonga, maji ya kisima changu yateza."

"Yateza vipi?"

"Yateza. Nimeyaona kwa mato yangu, ndoo ningali nayo mkononi."

Injinia akaniambia nibaki nikigonga, akashuka naye. Nikagonga pale penye uwazi. Aliporudi alikuwa anatembea polepole. Akasema maji yalikuwa yakitetemeka kila nikipiga, na vumbi jeupe lilikuwa likidondoka ukutani mwa kisima, upande wa juu, kutoka kwenye ufa.

"Na hilo birika mtalitia maji gani?" Bi Mishi akauliza.

Sote tukamgeukia Injinia. Mwisho Injinia akasema, "Ya bahari, mama."

Bi Mishi akatazama mteremko hadi kwake. Hakupandisha sauti. "Basi likivuja, mwanangu, mtaa mzima utakunywa chumvi. Na kisima kikiingia chumvi hakirudi. Baba aliniwachia amana, hakuniwachia shimo."

Tukavunja jiwe pale penye uwazi, tukashusha taa kwa kamba. Palikuwa na pango, si kubwa sana, mtu angeweza kuchutama ndani. Sakafu yake ilikuwa na unyevu, na upande wa chini paliendelea ufa unaoelekea kwa Bi Mishi. Rai ya kwanza ya Injinia ilikuwa ile ambayo hata nyinyi mngekuwa nayo, tulijaze zege tulimalize. Fundi Shee akakubali upesi. Bi Mishi, aliyekuwa ameketi juu ya rundo la kokoto na buibui lake, akakataa.

"Hiyo ndiyo ndia ya maji yangu. Mkiiziba, kisima kitakufa kiu badala ya kufa chumvi."

Alikuwa amesema kweli, na ndiyo iliyokuwa taabu yetu. Pango likiachwa wazi, sakafu ya bwawa ingekaa juu ya ganda la jiwe na uzito ule wote wa maji. Likijazwa, kisima kingekauka. Nikamwambia Bi Mishi, kwa ujinga wa ujana, kwamba labda tuache tu, tuondoke, kila mtu apumzike. Akanitazama kama mtu anayetazama samaki wa jana.

"Muondoke mwende wapi, na paa la pango mmekwisha kulitoboa? Mvua ikinyesha, uchafu wa mteremko wote utashuka kwangu. Limalizeni. Lakini limalizeni sawasawa."

Tangu siku hiyo kazi ile haikuwa tena bwawa la Bwana Hasanali. Bwana Hasanali mwenyewe, na hili ninampa haki yake, alikuja akasimama mbele yetu sote, akamwambia Bi Mishi kwamba tone la maji ya bahari halitaingia mpaka Bi Mishi mwenyewe atoe ruhusa. Nadhani hakujua itachukua muda gani. Lakini alilishika neno lake.

Injinia na Fundi Shee wakashinda ndani ya pango lile wakiwa wamechutama kwenye taa moja, wakibishana kwa heshima. Walipotoka walikuwa wamekubaliana. Tukajenga nguzo fupi za mawe ndani ya pango, kama zile za msikiti, nene chini, zikabeba paa lake, na katikati yake tukaacha njia ya maji ipite kama ilivyokuwa. Injinia alihesabu unene na nafasi zake. Fundi Shee alichagua mawe na kuyakalisha, kila jiwe limelala kama lilivyolala baharini. Upande wa kifusi tukasimamisha nguzo za zege. Kisha tukamwaga sakafu mbili, moja ya mwambani na moja ya kifusini, kwa sababu Injinia alisema hizo mbili hazitakaa sawa siku zote. Ile ya chini itazama kidogo maji yakiingia, hata ukifanya nini. Kati yake patakuwa na kiungo, na kiungo kinataka bamba la shaba linalokubali kuinama.

Bamba la shaba halikupatikana. Baada ya vita vitu vingi havikupatikana. Tukatafuta mjini, tukauliza mpaka maghala ya Shimanzi, tukarudi mikono mitupu. Tukashauriana, tukakiziba kiungo kwa simiti nzito iliyochanganywa na chokaa iliyokaa sana, tukakisugua mpaka kikang'aa. Kilipendeza. Nilikuwa nikikipita nakipapasa kwa mguu.

Kulipima bwawa kwa maji ya bahari ilikuwa haiwezekani, na maji ya mfereji hatukupewa. Masika yalikuwa yamekaribia. Injinia akafunga mabati yaliyopindwa kuwa michirizi chini ya paa la nyumba kubwa na kuyaelekeza bwawani, na mvua zilipofungua, bwawa likajaa maji matamu. Hapo likaja wazo lake ambalo mpaka leo namsifu. Bwana Hasanali alikuwa na maboksi ya buluu ya kufulia dukani. Injinia akasema tuitie bwawani. Maji yakivuja kuelekea kisimani, yatajionyesha yenyewe, wala hayatamdhuru mtu. Tukatia buluu mpaka bwawa likawa na rangi ya shati la mwanafunzi. Bata wa jirani waliingia wakaoga, wakatoka matumbo yao buluu, na mwenye bata alikuja na maneno mengi.

Kila asubuhi Bi Mishi akawa anateka ndoo ya kwanza na kuitazama penye mwanga. Kila asubuhi sisi juu tukawa tunafanya kazi tukiwa na sikio moja chini. Maji yalikaa vizuri mwanzoni. Kisha mstari wa chaki tuliouweka ukutani ukaanza kuonekana juu ya maji. Asubuhi iliyofuata tukamwona Bi Mishi anapanda mteremko, ndoo mkononi, bila kuita hodi. Akaiweka mbele ya miguu ya Injinia.

"Tazameni," akasema.

Haikuwa buluu kali. Ilikuwa kama rangi ya maji uliyosuuzia kanzu. Lakini sote tuliiona. Fundi Shee akakaa chini pale pale udongoni, mtu mzima, kofia imeanguka, hakuiokota. Injinia akaiokota, akaifuta vumbi, akamrudishia. Hatukuwa na haja ya kuuliza ndoo ile ingekuwa na nini, kama bwawa lingekuwa na maji ya bahari.

Tulipolitoa maji tuliuona ufa, mwembamba kama uzi, umepita katikati ya kiungo chetu kinachong'aa toka ukuta hadi ukuta. Injinia alikuwa amesema. Upande wa chini ulikuwa umezama kidogo, na simiti, hata uisugue namna gani, haijui kuinama. Shikeni hapo vijana. Kiungo kikaidi ni mlango wa maji. Injinia akasema anataka kitu laini, kinachokubali kuvutwa na kurudi, wala kisichooza ndani ya chumvi. Akakitaja hivyo hivyo, bila jina, kwa sababu kwao kilikuwa shaba au mpira na vyote havikuwapo.

Fundi Shee akanyanyua kichwa. "Hicho unachokitaka kimejaa pale ufuoni," akasema. "Kila chombo kimezibwa nacho."

Alikuwa anasema kalafati. Mbao za chombo hufura, husinyaa, hupigwa na mawimbi, na maji hayaingii, kwa sababu kati yake pamepigiliwa pamba iliyolowekwa mafuta ya papa. Injinia hakubisha, akauliza tu itakaa muda gani na itawezaje kushikwa isichomoke. Huko ndiko walikochanganya akili zao. Tukakivunja kiungo chote, tukakipa mdomo mpana juu na mwembamba chini kama alivyochora. Tukawaita mafundi wa kalafati, wakapigilia pamba kwa patasi na nyundo, tabaka juu ya tabaka, na juu yake tukamimina lami ya moto. Bwawa zima likanuka papa. Wajukuu wa Bwana Hasanali walikuja kuchungulia, wakaondoka wameziba pua, na babu yao akawa anawaambia kwamba ndiyo harufu ya bahari.

Ikabaki sakafu ya juu ya kufunika, kila upande wa kiungo, ile chokaa na simiti na kokoto ndogo ambayo hushindiliwa mpaka inakuwa kitu kimoja. Nyinyi mna mashine ya kutetemesha. Sisi tulikuwa na vipande, vibao vizito vyenye mpini, na watu wa kupigilia kwa nyimbo, kama dari za nyumba zilivyopigiliwa tangu zamani. Tulikuwa bado hatujatafuta watu, Bi Mishi akaja na wanawake wenzake wa mtaa, kila mmoja na kipande chake, kanga zimefungwa viunoni. Hakuuliza kama kazi ipo.

"Bi Mishi," Fundi Shee akamwambia, "hii ni kazi ya siku nyingi."

"Kisima ni changu na sakafu ni yangu," akasema. "Ndoo nimeiweka tini, Fundi, nionyesha pa kuanzia."

Wakapiga. Bi Mishi aliongoza nyimbo, wale wengine wakaitikia, na vipande vilishuka pamoja. Nyimbo nyingine zilikuwa za kutuimba sisi, na waashi tukiambiwa namna tulivyomchezesha mtu maji yake tukazidi kuinamia kazi. Bwana Hasanali alileta kahawa na halwa. Injinia Iqbal aliogopa mwanzoni kwamba wataumiza kiungo, akazunguka akipiga magoti na kusikiliza, alipotulia akaomba kipande naye. Hakuweza kabisa. Kila walipopiga wote, chake kilifika peke yake, nyuma. Wale wanawake walicheka mpaka wimbo ukakatika, na mmoja akamwambia heri arudi kwenye kalamu. Naye alicheka. Sijawahi kufanya kazi ngumu nikiwa na furaha namna ile, na ninasema hivyo nikiwa na umri wa kujua.

Vuli ikaja. Mabati tena, maji ya mvua tena, buluu tena. Mwenye bata safari hii aliwafungia. Bi Mishi akateka kila asubuhi, akatazama, akamwaga, akateka tena. Mstari wa chaki ulikaa juu ya maji kwa unyoya tu, na hilo Injinia alisema ni jua. Mvua ziliisha, buluu ikabaki juu, chini pakabaki peupe. Bi Mishi hakutoa ruhusa. Tukangoja. Bwana Hasanali alikuwa akipita ukingoni mikono nyuma, anatazama, haulizi. Wajukuu ndio waliokuwa wakiuliza.

Kisha asubuhi moja Bi Mishi akatuma salamu kwamba pampu iwashwe.

Nilidhani siku ya kujaza ndiyo ngumu, kumbe si hiyo. Siku ngumu ni zile zilizofuata, maji ya bahari yamekaa juu yamenyamaza, watoto wanaruka wanapiga kelele, nasi hatuna tena buluu ya kutuonya. Chumvi haina rangi. Ilibaki ulimi wa Bi Mishi peke yake, na yeye hakusema kitu, wala kibaya wala kizuri. Mwezi ukaandama, mwingine ukaandama. Kazi nyingine zilitupata huko Kizingo ndani, na kila jioni tulipokuwa tukirudi tulipita mlangoni kwake, tukasalimia, tukajibiwa, tukaenda zetu.

Ndipo siku moja ya joto, tukipita na Injinia akiwa nasi, Bi Mishi akatuita ndani. Alikuwa na ndoo ukingoni na kata ya kifuu mkononi. Akateka, akanywa yeye mbele yetu, polepole. Akateka akampa Injinia. Injinia akanywa, akafumba macho kama siku ile ya mchoro, ila safari hii alikuwa anatabasamu. Nikanywa mimi. Yalikuwa baridi, na matamu. Akateka tena akamnyooshea Fundi Shee, na Fundi Shee akarudi nyuma hatua moja.

"Mkeo yuwaja kuteka hapa kila siku," Bi Mishi akasema. "Wewe mwenyewe hujanywa tangu ile ndoo ya buluu. Waniona sijui? Ameniambia wanunua soda."

"Sina uso, Bi Mishi."

"Sikukuita uso. Nimekuita wewe. Kunywa."

Fundi Shee akatoa tambuu mdomoni, akasukutua kwanza, akaipokea kata kwa mikono miwili. Alikunywa kidogo, akasita. Kisha akainywa yote mpaka maji yakamwagika ndevuni, akamrudishia kata Bi Mishi, akaitazama ndoo, akaomba ya pili.